Mtutu Uliokatwa na Asiyelinda Shamba

Wenzangu tuliokulia Mahurunga na vijiji vya jirani, kule mto Ruvuma unakochoka na kuanza kunusa chumvi ya bahari, nadhani mtanielewa. Utoto wetu ulinuka ganda la korosho likichomwa, ule moshi mkali unaomliza mtu hata kama hajapigwa. Nimeombwa mara nyingi niandike kumbukumbu tamu za siku zile, na nimejaribu. Nikianza na mabibo naishia kwenye hasira. Nikianza na mchezo wa rede naishia kwenye hasira ileile. Mtu niliyesomeshwa mpaka chuo kikuu, nikala mshahara kwa kufundisha vijana namna ya kupanga hoja kwa utulivu, ningetegemewa niwe nimeshapoa. Sijapoa. Basi leo naiandika hasira yenyewe, na utamu utakaojitokeza njiani muuokote.

Na utamu ulikuwepo, sitadanganya. Msimu wa mabibo tulikuwa tunakwenda shule na sare zilizojaa madoa yasiyotoka kwa sabuni wala kwa dua. Tulikula muhogo asubuhi, muhogo mchana, na jioni ugali wa muhogo kwa kisamvu kilichopikwa na korosho zilizotwangwa, na bado tukiulizwa tumekula nini tulijibu kwa majivuno. Tulicheza rede mpaka mpira wa matambara ukafumuka, tukaushona, tukaendelea. Tulikwenda shule na jembe, kidumu cha maji na fagio, na kama ilikumbukwa, daftari. Watoto wa leo umeme ukikatika kidogo wanakaa sebuleni wakitazamana kama wafiwa. Mjukuu wa jirani yangu hapa Mtwara mjini aliniuliza juzi tulikuwa tunatazama nini jioni. Nilimwambia tulikuwa tunatazama nguruwe.

Hakuamini, lakini ndiyo kazi tuliyokuwa nayo. Muhogo ukishapevuka, nguruwe pori walitoka kwenye matete ya mto wakaja shambani kama walioalikwa. Nguruwe hang'oi shina moja akashiba akaondoka. Anafukua huku, anaonja, anatema, anakwenda kule. Usiku mmoja wa kundi moja ungeweza kuifanya familia ikatazame mwaka mzima kwa macho ya kuomba. Kwa hiyo kila shamba lilikuwa na dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo na kuezekwa nyasi, na kwenye dungu alikaa mwanamume wa nyumba. Sisi watoto tulilinda mchana dhidi ya nyani na ngedere kwa kugonga masufuria mabovu na kuwatukana kwa majina ya watu tuliogombana nao shuleni. Jioni tulimpelekea baba chakula, tukampisha.

Hapa lazima nieleze jambo kwa wasiotoka kusini. Kwetu wakati ule mwanamume alioa, akahamia kwa mkewe. Shamba lilikuwa la mama, mikorosho ilikuwa ya bibi aliyemzaa mama, watoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu ya vyote hivyo alikuwa mjomba. Baba yangu alitoka Newala, kule juu kwenye uwanda ambako maji yalikuwa shida lakini watu wana maneno mazuri. Aliishi kwetu, akalima kwetu, akazaa kwetu, na mpaka mwisho watu walimwita mkwe, au kwa lafudhi yetu, "nkwe". Jina lake nililijua nilipoanza shule, mwalimu aliponiuliza naitwa Somoe nani.

Bunduki nayo ilikuwa ya ukoo. Lilikuwa gobore, bunduki ya zamani ya kushindilia baruti mdomoni, alilolimiliki babu mzaa bibi. Mtutu wake ulikuwa mrefu hata kulisimamisha wima ilikuwa kama kusimamisha mgeni: lilinipita kimo, likampita kaka yangu, likakaribiana na mama. Baba ndiye aliyelishika karibu kila jioni ya msimu. Alilipaka mafuta ya nazi, akalifunika kitambaa, na alituonya kwa sauti ya chini, "Hili si la kwetu. Ukiligusa umegusa kaburi la watu." Lakini alilijua kuliko wenyewe. Alikaa kwenye dungu, akaulaza mtutu juu ya mti wa mbele, mdomo ukatokeza nje kabisa kupita nyasi za paa, kisha akasubiri. Aliniambia baruti yetu ni ya polepole, inahitaji safari ndefu ndani ya chuma ili itoke na nguvu. Mtutu mrefu ulimpa shabaha pia, maana shamba letu lilikuwa mteremko mtupu mpaka mtoni na nguruwe alionekana akiwa mbali.

Nguruwe akiuawa, furaha ilikuwa kubwa na aibu kidogo. Sisi ni Waislamu, hatumgusi. Aliburutwa kwa kamba ndefu na watu waliogeuza nyuso, wengine wakisoma vitu ambavyo sidhani vilihusika. Kisha kwa bahati isiyokosea njia, mwalimu wetu wa hesabu, Mkristo kutoka Songea, alikuwa anapita pale na gunia. Wiki ile shuleni fimbo ililala. Mtihani ukikaribia tulihesabu nguruwe, na tukiomba dua tulimwombea baba shabaha.

Sasa mjomba. Sikilizeni, nilimpenda mjomba wangu, na hapo ndipo hasira inapopata chumvi. Alikuwa anaishi upande wa Kilambo, karibu na kivuko cha kwenda Msumbiji. Akija kwetu alikuja na sukari, na hadithi za ng'ambo, na kicheko kilichotangulia njiani. Alitubeba mabegani hata tulipokuwa wakubwa wa kutembea. Mara chache kwa mwaka alikuja pia kuchukua gobore kwenda kuwinda kwenye matete ya mtoni pamoja na rafiki zake. Baba alilitoa, akalikabidhi kwa mikono miwili. Shemeji hanyimwi kilicho chake.

Msimu mmoja mjomba alilirudisha likiwa limepasuka mdomo. Alikuwa akiruka mfereji kwenye majaruba ya mpunga, urefu wa mtutu ukamponza, mdomo ukachomeka kwenye tope. Hakuona, au aliona akaona uvivu. Alipofyatua, chuma kilifunguka kama ua la alamanda. Namshukuru Mungu hakikuchukua uso wa mtu. Alikuja nalo nyumbani amenuna, akalisimamisha ukutani kama mtoto aliyefanya makosa.

"Ntutu gani huu, shemeji," alimwambia baba. "Unakwenda kuwinda au unakwenda kuangua nazi? Kila kichaka unashika, kila tawi linausalimia. Nampelekea fundi aukate."

"Hapo palipopasuka ni shubiri moja tu," baba alisema. "Haizidi moja na nusu. Fundi akikata hapo inatosha."

"Shubiri ndiyo nini? Nataka ubaki wa kushikika. Dhiraa moja iondoke, au na zaidi."

"Kwenye matete utakufaa, sikatai. Mimi nakaa juu ya dungu."

Mjomba alicheka kile kicheko chake. "Shemeji bwana. Nguruwe wa Newala mnawapiga kwa urefu wa bunduki? Huku tunawapiga kwa macho."

Walicheka wote waliokuwa barazani, na mimi nilicheka, maana mjomba alichekesha. Baba naye alitabasamu, akatazama mikono yake. Mama hakucheka. Alikuwa anapepeta mchele, akaacha ungo mapajani, akasema, "Kaka, anayelala shambani ni yeye."

"Najua dada. Na bunduki ni ya nani?"

Mama akaendelea kupepeta. Swali lile lilikuwa na jibu moja na kila mtu alilijua tangu kuzaliwa.

Hicho ndicho kinachonipandisha damu mpaka leo nikiwa na miwani na dawa za presha. Kuchagua urefu wa mtutu ni kuchagua unakaa wapi unapopiga. Mtu wa kichakani anataka ufupi ageuke upesi. Mtu wa kwenye dungu anataka urefu. Si jambo la elimu ya juu, hata sisi wagonga masufuria tulilijua. Mjomba pia alilijua. Hakuwa mjinga, na ningefurahi angekuwa mjinga. Aliukata vile kwa sababu yeye ndiye mwenye kusema, na mwenye kusema asiposema anachoka.

Fundi alikata. Gobore lilirudi fupi, limekaa kama mbuzi aliyekatwa mkia, na watoto tulifurahi maana sasa tulikuwa tumelizidi kimo. Baba alilipokea kwa mikono miwili. Alilipaka mafuta kama kawaida. Mtu akiishi kwa watu anajifunza kutunza hata kilichoharibiwa mbele yake.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kaskazi kujikongoja kufika, ardhi imekauka, majani chini ya mikorosho yanalia ukiyakanyaga. Mikorosho yenyewe ilikuwa imejaa, mabibo mekundu na ya njano yameanza kuanguka. Jioni moja baada ya alasiri nilimpelekea baba ugali. Nilipanda ngazi, nikakaa pembeni, akanawa. Hakuwa amemega tonge la pili tulipowaona, kundi zima, wametoka mapema kabla ya jua kuzama, wakubwa mbele na watoto wenye mistari nyuma, wanateremka kwenye muhogo wetu uliokomaa kama watu wanaokwenda sokoni.

Baba alifuta mkono, akachukua gobore, akalilaza juu ya mti wa mbele vilevile alivyolilaza miaka yote. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulifyatua tangu likatwe, na mikono yake ilikuwa bado inakumbuka ile bunduki ndefu. Alilenga mbali, kwa subira yake, akafyatua.

Mdomo wa mtutu haukutokeza nje. Uliishia chini ya upenu, kwenye nyasi kavu kuliko karatasi. Mtutu mfupi na baruti ya polepole hutoa moto mwingi, ulimi mzima wa moto, na ulimi ule ulilamba paa letu kutoka ndani. Sikusikia mlio, nakumbuka mwanga tu, na mkono wa baba ukinisukuma kwenye ngazi. Nilianguka kwenye matuta. Alipoteremka yeye na gobore, dungu lilikuwa linawaka juu yake kama kofia. Upepo ulichukua nyasi zinazowaka ukazipeleka palepale alipopenda shetani, kwenye majani chini ya mikorosho ya bibi.

Watu walikuja na matawi, wakaja na maji ya kunywa, wakaja na mchanga. Moto wa mikorosho una mafuta, hauogopi mchanga. Safu yote ya upande wa mto iliungua, miti iliyopandwa na bibi kabla mama hajaolewa. Baba alipiga moto kwa tawi mpaka likabaki fimbo, akaendelea na fimbo. Vinyweleo vya mikono yake viliungua vikaisha. Nguruwe hawakwenda mbali, walisubiri moto utulie, wakarudi.

Ukoo ulikaa siku ya pili yake. Wazee walikaa kwenye mikeka, mjomba katikati, baba kwenye kigoda karibu na mlango, mahali pa mtu anayesubiri kuambiwa. Sisi watoto tulifukuzwa, tukasikiliza nyuma ya ukuta wa udongo, ambao katika nyumba zetu hauna siri. Walizungumza juu ya mikorosho kama watu wanaozungumza juu ya maiti: ulikuwa unazaa hivi, ulikuwa unatoa kivuli vile. Hakuna aliyezungumza juu ya mtutu.

Ndipo mama alipoingia bila kuitwa. Alichukua gobore, akatoka nalo kwenye upenu wa nyumba, akaliweka usawa wa jicho kama alivyomwona mumewe akifanya. Mdomo wa mtutu ulifichika chini ya makuti. Kisha akauchukua mchi wake wa kutwangia, akaulaza juu ya mtutu, ukatokeza nje kwenye jua.

"Ulikuwa unaishia hapa," alisema. "Mnaona? Kabla kaka hajaukata, moto ulikuwa unatokea hapa."

Walikuwa wameona. Niliwachungulia kwenye ufa wa ukuta, nikaona uso wa mjomba umeelewa kila kitu, nikajua sasa atasema. Nilikuwa mtoto, nilidhani mtu akielewa anasema.

"Dada, kaa chini," alisema mjomba. "Bunduki haichomi shamba. Anayechoma ni aliyeishika."

Mzee mmoja akadakia, kwa ile sauti ya kufunga mambo, "Mgeni akiunguza nyumba, haulizwi kiberiti kapewa na nani."

Wakaitikia wengine kwenye mikeka, mmoja baada ya mwingine, ndivyo, ndivyo. Nimesoma vitabu vingi vya mantiki, nimevifundisha, na sijawahi kukuta sentensi mbovu iliyokaa vizuri mdomoni kama ile. Baba aliulizwa kama ana neno. Alisema, "Nimesikia."

Hakufukuzwa. Kwetu mkwe hafukuzwi, sisi ni watu wastaarabu. Aliambiwa akapumzike kwao kidogo mpaka mioyo ipoe. Alifunga mkeka na shuka nyuma ya baiskeli. Mama alimfungia muhogo wa kuchoma. Baba alinishika kichwa, akaniambia, "Somoe, usome," kama vile mtu anayekwenda sokoni na anarudi. Mioyo ilipoa polepole, kwa kasi ya mioyo ya watu walio na chakula. Aliporuhusiwa kurudi alikuwa ameshaanza shamba kwao, baadaye akaoa. Sikukuu mbili tatu za Idi alikuja, akakaa kwenye kigoda kilekile karibu na mlango, akanywa chai, akauliza masomo. Kisha hakuja tena. Mama alibaki na shamba, na sisi, na ukoo wake uliomzunguka pande zote kama ua. Mjomba aliendelea kuja na sukari. Niliipokea, nilikuwa mtoto, na ilikuwa tamu.

Basi wenzangu mkiketi kwenye harusi mkisema zamani watu walipendana, wazee walisikilizwa, neno likisemwa limesemwa, mimi nanyamaza na kula pilau. Yote ni kweli. Neno likisemwa lilikuwa limesemwa. Ndilo tatizo.

Mwezi uliopita nilikwenda Mahurunga. Mdogo wangu aliyebaki na shamba la mama amezeeka, linalindwa na Hamisi, mume wa binti yake Asha. Hamisi katoka Nanyumbu, kahamia kwetu, mwembamba, mpole. Nguruwe wapo, tena wameongezeka, maana vijana wenzake wote wako mjini wanaendesha bodaboda au wanasubiri gesi iwaajiri. Rama, kaka yake Asha, alikuwa amekuja kutoka mjini na wazo la kununua bunduki halali, shotigani, kwa kibali kitakachotoka kwa jina lake yeye Rama, anayeishi mjini, ambako nguruwe hajaonekana tangu uhuru.

"Mamkubwa, njoo uone," aliniambia, akanisogezea simu. Palikuwa na mzungu mwenye kofia anapasua maboga kwa risasi. "Mfupi ndio wa kisasa. Mtutu mrefu ni wa wazee, samahani Mamkubwa. Huu unaingia hata kwenye begi."

"Nguruwe anaingia kwenye begi?" niliuliza.

Walicheka. Binamu zake wawili wakaleta video nyingine, mmoja ya mtutu mrefu, mwingine ya mfupi, wakabishana kwa majina ya viwanda ambavyo hawajui viko nchi gani. Walijua kila kitu kuhusu mitutu isipokuwa harufu yake. Chai na maandazi vililetwa. Na mimi, ambaye ningeweza kuwa natabasamu kwa ujana wao, nikaona Hamisi amekaa karibu na mlango na hakuna aliyemtazama.

"Mkwe," nikasema. "Wewe unataka upi?"

"Wowote, mama. Mtakaoona unafaa."

Ile hasira ilinipanda, mpya kama ya jana. Nikaweka mkono juu ya sahani ya maandazi. "Hapa hakuna atakayekula mpaka mkwe aseme."

"Mamkubwa, jamani, chai inapoa," Rama alisema.

"Ipoe."

Asha alitazama chini. Binamu mmoja akazima simu yake. Hamisi alivuta pumzi, akajipangusa magoti, akasema taratibu bila kumtazama mtu, "Mimi bunduki siitaki. Nataka mbwa wawili, wakubwa."

Rama akaanza kucheka. "Mbwa? Shemeji, tunakununulia bunduki, unataka mbwa?"

"Bunduki mtakuwa mmeinunua ninyi," Hamisi alisema. "Siku nikiondoka, itabaki. Mbwa nikiwalea mimi, watanifuata."

Kicheko cha Rama kilikatika. Asha akainuka akaenda jikoni na kikombe ambacho hakikuwa tupu. Niliondoa mkono kwenye maandazi, na hakuna aliyechukua. Niliwaza kumwambia haondoki mtu hapa, lakini hilo nalo lingekuwa neno la mwenye nyumba. Nikanywa chai yangu ya baridi. Enzi zetu, mkwe alikuwa anapanda dungu jioni bila kujua ataondoka na nini. Huyu wa leo ameshajua.